Namba Kumi na Saba ya Watiri

Wifi yangu Watiri ana chumba kimoja cha mawe, na hakai ndani yake. Anayekaa humo ni pampu ya kunyunyizia dawa shambani. Yeye na kaka yangu Muchangi wanalala katika nyumba ya mbao ambayo upepo wa mlimani huingia bila hodi, huku pampu imelala palipopigwa lipu, chini ya mabati mapya, nyuma ya kufuli la shaba. Ukitaka kumjua huyu mwanamke, anzia hapo, kwa maana ukimwachia mwenyewe asimulie atajisifu mpaka ng'ombe wakose kukamuliwa.

Mimi ni Gladwell. Nilifika kidato cha pili, na kwa kosa hilo kijiji chetu hapa juu ya Sagana kilinifanya karani wa kila kitu: harambee, mazishi, mifereji ya maji. Mgongo wangu hauniruhusu kuinama shambani, basi huinama juu ya karatasi za watu. Kwa hiyo haya yalipotokea nilikuwepo, tena na kalamu mkononi.

Watiri aliacha shule darasa la tatu. Alipoolewa na kaka yangu alikabidhiwa jembe, kikapu na miti mia mbili ya kahawa. Kwa miaka ishirini alipalilia miti hiyo, akaichuma, akabeba magunia mgongoni mpaka kiwandani, na kila mara karani wa kiwanda aliandika katika kitabu chake kikubwa: Muchangi. Siku moja alimwuliza karani kama ile kalamu haikufundishwa jina lingine. Karani akamjibu kwamba mwenye miti ndiye mwenye jina. Watiri alirudi nyumbani akiwa na hasira, na siku tatu Muchangi alikula viazi vya jana.

Kisha ikaja mishiri. Nazungumzia yale maharagwe mabichi membamba ambayo Wazungu hula na sisi tunayaona kama chakula cha mbuzi. Kampuni moja ya Nairobi ililetewa maombi na duka kubwa la Uingereza, ikatafuta wakulima huku kwetu, na kila mkulima akapewa namba yake. Kaka yangu alisema yeye hawezi kuonekana akichuma mboga za wanawake. Hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya Watiri. Waume wa wengine walikuwa macho zaidi: waliposikia neno Uingereza tu, walikwenda mbio kuandikwa, kisha wakarudi kuwaelekeza wake zao shamba liko wapi. Kwa hiyo katika orodha nzima ya kampuni kulikuwa na jina moja la mwanamke, nalo lilikuwa namba kumi na saba. Alikitia kile kikaratasi cha namba ndani ya Biblia, na nina hakika alikifungua mara nyingi kuliko zile Zaburi.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zikiwa zimetoka kula barabara yetu. Siku hiyo Jesse alikuja na kitabu. Jesse ni kijana wa kampuni, afisa wa nyanjani, mwenye pikipiki na wasiwasi mwingi. Alitukusanya kwenye banda la kupangia mishiri, akatuambia kwamba wale watu wa duka la Uingereza sasa hawataki tu kujua maharagwe yana urefu gani. Wanataka kujua walioyalima wanaishi vipi.

"Ati wanataka kujua tunaishi aje?" akauliza Wakonyo, jirani ya Watiri, ambaye hajawahi kuacha swali lipite. "Na wao wanaishi aje?"

"Hiyo haiko kwa kitabu," akasema Jesse.

Nilikisoma kitabu chote, kurasa arobaini na mbili. Watoto wasifanye kazi bali waende shule. Pawe na choo na maji ya kunawa. Dawa ifungiwe katika chumba cha mawe, na anayenyunyiza avae ovaroli na gambuti. Mtu yeyote asilazimishwe kufanya kazi, na afanyaye alipwe. Sikuona ubaya wowote. Mimi kama ningeulizwa ningeongeza kwamba wanaume wasikae juu ya ndoo za kunawia, lakini sikuulizwa.

Jesse akasema mkaguzi anakuja, na ataanza na shamba moja. Mkulima akifaulu, namba yake inathibitishwa. Akianguka, namba inafutwa na lori halitasimama tena kwake. Tulikuwa bado tunatazamana wakati Watiri alipoinua mkono. Hakumwuliza mumewe, hakumwuliza mtu. Alitaka ile namba yake igongwe muhuri mpaka karani wa kahawa asikie huko aliko.

Kwa wiki sita hatukuwa na amani. Watiri aliuza fahali kujenga chumba cha dawa. Muchangi aliponiambia, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba pampu imepata nyumba kabla yake, nilimwambia apeleke malalamiko kwa duka la Uingereza. Choo nacho kilijengwa, kizuri hasa, na sakafu ya saruji inayong'aa. Kilipokauka Watiri alikifunga kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Tulipohitaji choo tulikwenda kwa Wakonyo.

"Choo ni ya kutumiwa," Jesse alimwambia.

"Itatumiwa," alisema Watiri. "Ikishakaguliwa."

Mkaguzi alifika Jumanne. Tulitarajia Mzungu mwenye tumbo, akashuka mwanamke mwembamba wa Mombasa, kitambaa kichwani na faili kifuani, jina lake Salwa. Kiswahili chake kilikuwa safi mno mpaka tukaanza kuona haya ya kufungua midomo. Alikagua chumba cha dawa, akapiga tiki. Akakagua ovaroli, tiki. Akaomba kuona choo. Watiri akavua ufunguo shingoni, akafungua mlango kwa heshima kubwa. Salwa akatazama ile sakafu kwa muda.

"Wafanyakazi wako wanakitumia?"

"Sana," akasema Watiri.

Ile sakafu ilikuwa haijakanyagwa hata na nzi. Salwa alipiga tiki, lakini nusu.

Sasa ni lazima nieleze habari ya ngwatio, kwa sababu ndiyo iliyotutia matatani. Huku kwetu mwanamke halimi peke yake. Watiri alikuwa na wenzake kumi na mmoja, nao walikuwa wakizungukana: Jumanne wote wako kwake, Alhamisi wote kwa Wakonyo, Jumamosi kwa Murugi, mpaka mzunguko uishe na kuanza upya. Mwenye shamba hupika, na hapo basi. Pesa haitajwi. Mama zetu walilima hivyo, na mama zao pia, na katika kurasa arobaini na mbili sikukuta mstari hata mmoja unaoitaja ngwatio. Nami, karani mkubwa, sikufikiria kwamba hilo ni tatizo. Jumanne hiyo ilikuwa zamu ya Watiri, na wenzake walikuja wamevaa vizuri, wamejaa hamu ya kumsaidia afaulu.

Salwa alisema kanuni inamtaka azungumze na wafanyakazi bila mwajiri kuwepo. Watiri akajibu kwamba haina neno, akaenda zake. Alikwenda hatua ishirini, akaingia chooni, akajifungia. Hivyo ndivyo mtu wa kwanza alivyokitumia choo kile, na alikitumia kusikiliza.

Salwa alianza na Cucu Ngendo, bibi kizee wa kundi, kwa heshima ya umri. Cucu alikuwa ameketi juu ya gunia akitoa mishiri iliyopinda.

"Bibi, una umri gani?"

"Nilizaliwa mwaka ya ile homa kubwa, baada ya vita ya Wajerumani."

"Una cheti cha kuzaliwa, au kitambulisho?"

"Kitambulisho iliungua na nyumba. Na hiyo cheti ingeandikwa na nani? Watu walikuwa wanakufa."

Salwa alitazama fomu, akamtazama Cucu, akatazama fomu tena. Alikuwa mtu mwaminifu, na fomu ilisema kila mfanyakazi athibitishe kwa karatasi kwamba amepita miaka kumi na mitano. Nilimwona kwa macho yangu akiandika kwamba umri wa Ngendo haujathibitishwa. Cucu hakuwa na jino hata moja.

Kisha akageukia wengine. "Mama, Watiri anawalipa kiasi gani kwa siku?"

"Kulipwa?" Murugi alicheka. Murugi ni mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. "Sisi hatulipwangi!"

"Hata kidogo?"

"Watiri akitoa pesa hapa mimi naenda nyumbani," akasema Wakonyo. "Hiyo ni matusi."

Niliona Jesse akibadilika rangi. Nilijaribu kukohoa, lakini walidhani ni kifua.

"Mlikubaliana kwa maandishi?"

"Maandishi ya nini na tunajuana?"

Salwa alikuwa akiandika mbio. "Na mtu asipotaka kuja?"

"Asikuje?" Murugi akashika kiuno. "Wacha ajaribu! Kuna mmoja hakukuja mara mbili. Tulimwacha na magugu yake mpaka akalia."

"Akalia?"

"Akalia kabisa," wakasema wote kwa pamoja, kwa furaha, kama kwaya.

"Basi akarudi?"

"Angeenda wapi?"

Waliona wanamsifu. Hilo ndilo linaloniuma na kunichekesha mpaka leo: kila mmoja alikuwa akieleza jinsi tulivyo watu wa kutegemeana, na kila jibu lilikuwa likimsogeza Watiri karibu na jela. Salwa alifunga kalamu taratibu. Akasema kwa upole kwamba ameona mengi katika kazi yake, lakini watu kumi na mmoja wanaofanya kazi bila malipo, bila mkataba, wanaoadhibiwa wasipofika, mmoja wao umri haujulikani, hilo kanuni inaliita kazi ya kulazimishwa. Akaenda kukaa ndani ya gari kuandika.

Jesse alituvuta nyuma ya chumba cha dawa, karibu na choo. Kutoka kwenye sanduku la pikipiki alitoa karatasi za mishahara, tupu, na kidau cha wino. "Ni rahisi," alinong'ona. "Tunaandika mlilipwa tangu Januari. Kila mtu aweke kidole. Naenda kumwambia mlikuwa mnaogopa kusema mnalipwa."

"Kwa hivyo sisi ni vibarua ya Watiri?" Wakonyo alikuwa tayari amevuta pumzi ya ugomvi.

"Kwa karatasi tu, mama."

"Na kwa karatasi ndiyo nitaitwa kibarua? Mimi? Na Alhamisi huyu Watiri yuko kwangu analima, yeye ni kibarua ya nani?"

Hapo mlango wa choo ulifunguka. Watiri alikuwa amesikia yote. Alimpokonya Jesse zile karatasi akazishika kwa mikono miwili, na mimi namjua: nilimwona akipima. Kidole cha kila mmoja, dakika tano, na namba kumi na saba ingekuwa salama. Wenzake wangenuna, lakini wangeweka. Nilitaka akubali, naungama. Nilikuwa nimechoka kumwona akikataliwa na watu wenye kalamu.

"Jesse," alisema, "hii kitabu yako, ni ukurasa gani inasema tudanganye?"

"Hakuna, mama, lakini..."

"Nilifikiria niliruka moja."

Akarudi chooni na zile karatasi zote, na alipotoka hakuwa nazo. Jesse alibaki na kidau chake cha wino.

Kisha akaenda moja kwa moja kwenye gari la mkaguzi. Mimi nyuma yake. "Salwa," alisema, "wewe umekula?"

Salwa akashangaa. Alikuwa amekula, tena sahani mbili za mukimo wa viazi na mahindi, kwa sababu Watiri hamwachi mgeni na sahani moja.

"Basi wewe uko ndani. Aliyekula kwa ngwatio hana ruhusa ya kukosa zamu. Alhamisi ni kwa Wakonyo, saa mbili asubuhi. Kuja uone vile mimi nalazimisha watu."

Sikudhani angekuja. Alhamisi saa mbili na robo lile gari likasimama kwa Wakonyo, akashuka na gambuti za kuazima zilizompita magoti. Na alichokikuta ni yule mwajiri katili wa Jumanne, ameinama kwenye mtaro wa Wakonyo, jasho mpaka kwenye nyusi, na Murugi amesimama juu yake akimpigia kelele.

"Hiyo ni nini? Hiyo ni kulima ama ni kukuna? Angalia hiyo nyasi umeacha! Kwako tulilima hivyo?"

"Nimeiona, Murugi, nimeiona!"

"Toa!"

Watiri akang'oa. Salwa alisimama kando ya mtaro kwa muda, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukishika kitambaa chake kisianguke. Wakonyo, ambaye haoni mtu aliyesimama bure bila kumpa kazi, alimpa beseni akachume. Nusu ya aliyochuma ilipinda, na Cucu Ngendo aliitupa mbele ya macho yake.

Baada ya chakula alituketisha. Fomu yake, alisema, inajua watu wa aina mbili: mwajiri na mwajiriwa. Sisi hatumo. Lakini ipo fomu nyingine, ya ushirika wa wazalishaji, ambayo wote wanaandikwa kuwa wenye shamba, na wenye shamba wakisaidiana hakuna kanuni iliyovunjwa. Wanaoandikwa ni wale wanaofanya kazi wenyewe. Waume wasiolima hawamo. Hapo wanawake walianza kunong'onezana, maana kumi na mmoja kati yao walikuwa hawajawahi kuona majina yao mahali popote isipokuwa kitambulisho na kadi ya kliniki.

"Lakini ushirika unapewa namba moja mpya," Salwa akaendelea, na sasa alimtazama Watiri peke yake. "Namba kumi na saba itafutwa."

"Na nikikataa?"

"Utaihifadhi. Lakini uwaajiri hawa na uwalipe, au ulime peke yako."

Wakonyo, mwenye swali kwa kila jambo, alikuwa anatazama kucha zake. Nawapa heshima kwa hilo: hakuna aliyemsihi. Mimi niliona uchungu, kwa sababu nilijua ile Biblia ilivyozoea kufunguka yenyewe palipo na kile kikaratasi. Miaka ishirini ya kahawa kwa jina la mtu mwingine, miaka sita tu ya jina lake mwenyewe, na sasa anaombwa aligawe kwa kumi na wawili.

Kisha akawatukana. Aliwaambia Murugi ana mdomo, Wakonyo ana ubahili wa chumvi, na wote kwa jumla wanalima kama watu waliosikia habari ya jembe kwenye redio. Wakakubali kila kitu.

"Andika hawa wanawake," alimwambia Salwa. "Anza na Cucu kabla hajakufa. Mwenye shamba anaulizwa umri?"

"Haulizwi," akasema Salwa.

"Basi hata hiyo shida imeisha. Mimi niandike nyuma yake."

Nikaandika mimi, kwa kuwa Salwa alisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Ngendo wa kwanza, Watiri wa pili, kisha wengine mpaka wa kumi na mbili. Jesse, kwa aibu, alileta kile kidau cha wino, na Cucu akachovya kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Alikuwa hajatia alama popote tangu kile kitambulisho kilichoungua, na hakutaka iwe ndogo. Akakandamiza kwa uzito wake wote. Alipoinua mkono, wino ulikuwa umepita kisanduku chake, ukashuka mstari wa chini, ukafunika nusu ya jina la Watiri.

"Ngai!" Wakonyo akasema.

Salwa alifungua faili haraka kutafuta fomu nyingine. Watiri alimshika mkono. Aliivuta karatasi karibu na macho, akaisoma polepole, kwa midomo, kama mtu wa darasa la tatu. Cucu aliuliza kama ameharibu.

"Hujaharibu," akasema Watiri. "Hapo juu ni wewe. Hapa chini ni mimi. Bado naonekana."